Mlima Unaponenepa Hatuuoni

Kwaresima ikikaribia huwa napekua makabrasha ya mahubiri niliyokusanya kwa miaka, na mengi yameandikwa na wachungaji wa kaskazini ya dunia. Wanaandika vizuri, sikatai. Ila hufiki ukurasa wa tatu kabla hujakutana na theluji inayoyeyuka. Mchana umeanza kurefuka, udongo ulioganda unalegea, ndege wamerudi, na Pasaka inakuja pamoja na jua baada ya miezi ya giza. Mwaka huu nilikuwa nayasoma hayo mwishoni mwa Februari, hapa Moshi, saa tisa alasiri, feni inazungusha joto lile lile, na jalada la Biblia niliyoifuta asubuhi limeshapata vumbi jingine. Huku hakuna baridi ya kuaga. Kinachosubiriwa na kila mtu, kuanzia mwenye ng'ombe kule Chekereni hadi muuza mbegu wa Mbuyuni, ni wingu.

Na bado theluji tunayo. Ipo pale juu ya Kilimanjaro, mita 5,895 kutoka usawa wa bahari, inaonekana kwenye dirisha la ofisi ya usharika. Tu miongoni mwa watu wachache wanaoishi karibu na ikweta na kuamka wakiitazama theluji yao wenyewe, lakini tukipanda mimbarani tunahubiri theluji ya Wajerumani.

Ya Wajerumani naijua kidogo. Niliwahi kukaa Leipzig kwa masomo, mji ambao misioni yake ilileta wachungaji wa Kilutheri Machame mwaka 1893, na nikaikuta Machi yao. Nilitegemea weupe. Nilichokiona kando ya barabara ni marundo meusi, yameloa moshi wa magari, yamechanganyika na kokoto ndogo wanazomwaga njiani ili watu wasiteleze. Kule mwenye nyumba anawajibika kusafisha kipande cha njia kilicho mbele ya nyumba yake, kwa hiyo mzee niliyekaa kwake, mchungaji mstaafu, alikuwa anatoka na sepeto kabla hajanywa kahawa. Kuna wiki jua lilitoka, watu wakakaa nje ya migahawa na makoti yao, kila mtu akasema basi, imekwisha. Kulipokucha kote kumekuwa kweupe tena. Theluji ya mwisho kule ni mgeni aliyeshaaga, akasindikizwa hadi njiani, halafu akarudi akaketi. Mzee alinung'unika Kijerumani kirefu ambacho sikukielewa, na sikuomba kuelezwa.

Siku hiyo hiyo, lakini, alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba, akainama chini ya uzio, akafagia theluji kwa kidole. Palikuwa na viua vyeupe, vifupi, vimeinamisha vichwa, na vijani vyake vimetoboa barafu vikatoka. Alivitazama kwa muda mrefu hadi nikaanza kuona aibu ya kusimama pale. Baada ya hapo nikaacha kuwacheka waandishi wa mahubiri ya kaskazini. Kwao bustani inaihubiri Pasaka kabla mchungaji hajavaa joho.

Sasa tuje kwetu, ambako mambo yamegeuka juu chini.

Januari na Februari ndiyo miezi ya picha. Mlima upo wazi asubuhi na jioni, ndege zinazotua KIA zimejaa watalii, na Kibo, kilele chake kirefu kuliko vyote, inang'aa mpaka waendesha bodaboda waliouzoea tangu utotoni wanageuza shingo. Mgeni akifika Moshi wakati huo husema tumebarikiwa. Ni kweli, ila mlima anaoupiga picha una njaa. Jua la kiangazi linaupiga tangu linapochomoza, hewa ni kavu, theluji mpya haiji. Barafu ya zamani iliyobaki imeshikwa na vumbi, na penye vumbi joto la jua linaingia badala ya kurudishwa. Wanasayansi walioweka vipimo vyao pale juu wameeleza jambo ambalo lilinishangaza nilipolisoma mara ya kwanza: kileleni kuna baridi kiasi kwamba sehemu kubwa ya barafu inayopotea haigeuki hata maji. Inakuwa mvuke moja kwa moja, inaondoka na upepo. Siku ambazo Kibo inapendeza kuliko zote ndizo siku inazokonda.

Pita kijiji chochote cha huku miezi hiyo utaona mlima hauko peke yake. Maji ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, yamepungua, yanagawanywa kwa zamu mpaka usiku wa manane, na ugomvi wa zamu unafika hadi kwangu, kwa sababu mchungaji huitwa pale wasimamizi wa mfongo waliposhindwa. Migomba imekunja majani. Hata mnada wa sadaka ya mazao baada ya ibada unaeleza hali ilivyo: Desemba tulikuwa tunanadi mikungu ya ndizi na majogoo, Februari tunanadi mayai na vikombe vya maharage. Kuna Jumapili tulinadi papai moja likazunguka kanisa zima, kila anayelinunua analirudisha mezani linadiwe upya, hadi mwisho papai limelipa kuliko mbuzi na bado halijaliwa.

Hiyo ndiyo Kwaresima yetu. Tarehe ya Pasaka ilipangwa na watu walioangalia mwezi mpevu wa majira yao, ndiyo maana haitangulii Machi 22 wala haipiti Aprili 25. Hawakuifikiria Moshi. Lakini zile siku arobaini zimetuangukia mahali pake hasa: zinaanza kwenye vumbi na kuishia kwenye tope. Muumini wa Pasua hahitaji kuelezwa jangwa la majaribu, ametoka kulifagia sebuleni.

Jambo moja tu la majira hayo hunipa taabu, nalo ni Zaburi ya 51, ile ya toba. Daudi anaomba aoshwe awe mweupe kuliko theluji. Nikiisoma naona nyuso zinageukia dirishani bila kukusudia. Wengi wao wameitazama theluji maisha yao yote na hawajawahi kuigusa. Wanaijua kwa macho, kama jirani asiyesalimiana na mtu. Na toba ya mlimani huku haikuwa nyeupe tangu zamani, ilikuwa ya kijani: aliyekosa alikwenda kwa aliyemkosea ameshika jani la isale, na aliyeletewa isale alijua kuwa kukataa kusamehe ni jambo zito. Bado lipo. Nimeshakaa kwenye vikao vya ukoo ambapo maneno yangu yote ya Maandiko yalisikilizwa kwa adabu, kisha mama mmoja akatoka nje, akachuma jani mpakani mwa kihamba, yaani shamba la ukoo, akarudi nalo, na hapo ndipo watu wakaanza kulia. Sioni ugomvi kati ya jani lile na Zaburi. Naona tu kwamba Daudi angezaliwa Kibosho, tungekuwa na mstari mwingine.

Halafu siku moja ya Machi upepo unabadilika. Mawingu yanapanda kutoka tambarare, yanajaza makorongo moja baada ya jingine, Weru Weru, Karanga, Rau, na kufikia saa nne asubuhi mlima haupo. Kesho haupo. Wiki nzima haupo. Mtoto anayezaliwa Aprili anaweza kumaliza arobaini yake bila mtu kumwelekeza Kibo iko upande gani.

Na nyuma ya mawingu hayo theluji inaanguka.

Wingu ni lile lile. Likiwa juu ya Majengo linakuwa mvua ya kulowesha kanga kwenye kamba. Likifika Uru linakuwa ukungu na manyunyu ya kutwa. Likivuka msitu na kupanda nyika za juu linageuka mvua ya mawe, na juu zaidi linashuka jeupe, kimya, hakuna wa kuliona isipokuwa waliolipia kulala kwenye mahema. Mama anayefukia mahindi Mabogini na barafu ya Kibo wamepata fungu lao asubuhi moja. Kule Leipzig sharti theluji iondoke ndipo mbegu ianze. Hapa zinaanza pamoja.

Tena hiyo theluji mpya haiji kwa urembo. Inafunika vumbi la kiangazi, na kwa weupe wake inalirudisha jua lilikotoka, kwa hiyo barafu ya zamani iliyo chini yake inapata ahueni. Mvua zikiwa haba, barafu inabaki wazi na inaliwa. Mlima wetu unanenepa wakati ule ule ambao sisi tunalalamika kwamba hauonekani, nguo hazikauki, na daladala za Old Moshi zinakwama. Nimelihubiri jambo hili mara nyingi kuliko wanavyopenda baadhi ya wazee wa kanisa. Naona lina ukweli kuhusu maombi ambao sijaupata kwenye yale makabrasha: yako majira ambayo kila kitu kipo wazi mbele ya macho yako na ndani unakauka, na yako majira huoni kitu, na ndiyo unayolishwa.

Mtu wa kwanza kuandika habari za theluji hii na kuzifikisha Ulaya alikuwa mmisionari, na alikuja masika. Johannes Rebmann aliondoka Rabai, karibu na Mombasa, mwishoni mwa Aprili 1848, akiongozwa na Bwana Kheri, silaha yake mwavuli. Tarehe 11 Mei, katikati ya mawingu, akaona kitu cheupe juu ya mlima. London hawakumwamini. William Desborough Cooley, mwanajiografia wa kukaa mezani, alishikilia kwa miaka kwamba theluji karibu na ikweta ni njozi za macho yaliyochoka, hata Baron Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten walipopanda zaidi ya mita 4,000 mwaka 1862 na kuthibitisha. Wenyeji wa mlimani, bila shaka, hawakuwa wanasubiri barua kutoka London.

Ninachokipenda katika kumbukumbu za Rebmann ni kwamba alipoketi kupumzika siku ile alifungua Zaburi iliyokuwa kwenye zamu yake ya kusoma, ya 111, na mstari wa 6 ukamgusa maradufu akiwa mbele ya mlima: Mungu amewajulisha watu wake uwezo wa matendo yake. Mimi huwa nausoma mstari mzima. Unaendelea, "kwa kuwapa urithi wa mataifa." Yule mtu wa mwavuli sidhani kama alikuwa na nia mbaya. Lakini haikutimia miaka arobaini mlima ukawa ndani ya mpaka uliochorwa na Wajerumani na Waingereza, na mwaka 1889 Hans Meyer akakipa kilele jina la Kaisari wake. Kikaitwa Uhuru baada ya 1961. Zaburi hiyo tunaisoma kanisani, na nikifika nusu ya pili ya mstari huo sauti yangu inashuka yenyewe.

Usharikani kwangu wapo wanaoijua theluji kwa miguu. Ni wapagazi, wagumu kama wanavyojiita, na mmoja wao sasa amepanda cheo, anasaidia waongozaji usiku wa kileleni. Alinisimulia baada ya ibada, amesimama kwenye ngazi, anakwangua tope la kiatu kwa kijiti. "Baba Mchungaji, ile ya Januari ni ngumu, ukiikanyaga inalia. Ya Machi ni laini, inaingia mpaka kwenye soksi. Mnatoka kambi ya Barafu saa sita usiku, taa ya kichwa inaonyesha theluji tu inashuka, unafuata kisigino cha mwenzako. Mgeni anauliza, kilele kiko wapi?"

"Unamjibu nini?"

"Namwambia kipo."

Akaendelea kukwangua kiatu. Mahubiri yangu ya Jumapili ya Mitende nimeyajenga juu ya neno hilo na sijamlipa chochote.

Ila yeye na wenzake hawana mapenzi na masika, na si haki niwapite haraka. Aprili na Mei wageni hupungua sana, kambi zinabaki na walinzi, na mpagazi asiyepanda hana ujira wala bahashishi. Mzigo wa kilo 20 ambao Julai anaulalamikia, Aprili anautamani. Wengine wanashika jembe, wengine wanaingia kwenye bodaboda, wengine wanakopa dukani na kulipa watalii wakirudi. Nikisimama kumshukuru Mungu kwa mvua zilizowahi, safu mbili za nyuma zinasema amina ya chini chini. Nimeanza kuwaombea kwa kuwataja, katika maombi yale yale tunayoshukuru mvua. Sijui kama inawatosha. Mwezi uliopita mmoja aliniambia angependelea kanisa limkopeshe mbolea, na kamati ya huduma imelipokea ombi hilo vizuri kuliko nilivyotarajia.

Sasa nifike penye mjadala. Somo langu la masika ni Isaya 55, pale inaposemwa kwamba mvua ishukavyo, na theluji, kutoka mbinguni, hairudi huko, bali huinywesha ardhi, ikampa mpandaji mbegu na mlaji chakula. Ukiwa umesimama chini ya Kibo mwezi wa Machi, utasema nabii alikuwa amekaa Shanty Town, hapa hapa Moshi. Mwaka juzi, baada ya ibada, mwalimu wa jiografia ambaye hukaa karibu na nguzo alinifuata.

"Bwana asifiwe, Mchungaji. Theluji ya Kibo inarudi."

"Inarudi wapi?"

"Mbinguni. Inageuka mvuke. Inayoshuka kwetu kama maji ni kidogo mno."

Nikamwambia Isaya alikuwa na milima ya kwao, Lebanoni na Hermoni, ambako theluji inayeyuka kweli na kulisha mito. Akasema hilo analijua, ila sisi tunahubiriwa hapa. Ana tabia hiyo, na ndiyo maana napenda akae karibu na nguzo, nimwone.

Yuko sahihi, na suala lenyewe ni kubwa kuliko mahubiri yangu. Tumeaminishana muda mrefu kwamba theluji ikiisha mito ya Kilimanjaro itakauka. Sivyo maji yetu yanavyopatikana. Juu kabisa ya Kibo ni jangwa la baridi, mvua na theluji yake ya mwaka mzima ni haba. Mvua kubwa inaangukia msituni, na upande huu wa kusini inazidi kwenye mita 2,200 hivi. Juu ya mvua kuna ukungu. Ukipanda njia ya Machame au Umbwe asubuhi ya masika utaona kazi hiyo kwa karibu: miti imeota ndevu za kijivu za kuvumwani, ukungu unapita katikati yake bila sauti, na kila ncha ya ndevu ina tone. Tone linavimba, linadondoka kwenye tawi la chini, linaungana na jingine. Juu hakunyeshi hata kidogo, na chini ya mti kofia yako imeloa. Hayo ndiyo yanayozama ardhini na kuibuka kwenye chemchemi za Uru na Marangu. Mtaalamu wa mimea Andreas Hemp, ambaye ameuchunguza mlima huu kwa miongo, ameonyesha kwamba moto ulioteketeza misitu ya juu umetunyang'anya maji mengi kuliko kupungua kwa barafu.

Oktoba 2020, mlima ulipowaka, tulisimama nje usiku tukitazama mstari mwekundu ukitambaa juu. Simu zilikuwa zinaingia kutoka Dar, kutoka Nairobi, na karibu zote zinauliza theluji imepona. Theluji! Kilichokuwa kinaungua ni tangi letu la maji.

Nimekuwa nikiwaza sana juu ya Zaburi ya 133 tangu wakati ule. Hermoni ni mlima wa theluji, unaonekana kutoka mbali, na mtunzi aliyetaka mfano wa baraka alikuwa na weupe ule wote mbele yake. Akachagua umande.

Kwa hiyo Isaya 55 bado naihubiri, na mwalimu bado anakuja. Nikifika kwenye theluji nasema kazi yake hapa ni kuilinda barafu isiliwe na jua, na anayeinywesha ardhi yetu ni msitu uliokamata wingu. Ni ufafanuzi mrefu kwa mstari mmoja, mke wangu ameniambia hivyo. Lakini umetupa siku ya kupanda miche kila masika, na wanaokuja ni wengi kuliko wanaokuja kwenye semina ya uwakili wa Kikristo.

Pasaka yenyewe hutukuta katikati ya mvua. Mabasi ya kutoka Dar yanashusha watu usiku Ijumaa Kuu, watoto wa mjini wanatembea kwenye tope la kihamba wakiwa na viatu vyeupe, bibi zao wanacheka. Jumapili alfajiri kwaya inaimba nyimbo ambazo nyingi asili yake ni Ujerumani, jua limechomoza, giza limekimbia, na nje hata kuku hajatoka bandani kwa giza la wingu. Mvua ikipiga bati sawasawa, mchungaji ananyamaza. Kanuni hiyo haimo kwenye kitabu cha ibada lakini kila usharika wa mlimani unaifuata: tunaimba pambio hadi mvua ipungue, kisha mahubiri yanaendelea yalipoishia, kama kuna anayekumbuka yaliishia wapi. Kuna mwaka nilihubiri Ufufuo kwa vipande vitatu.

Maharusi nao hunipa raha. Kila Aprili baada ya Pasaka nitapata jozi moja inayotaka lisomwe lile somo la Wimbo Ulio Bora, mpenzi anamwita mwenzake aondoke waende kwa kuwa mvua imekwisha, imekwenda zake. Katika nchi ya Biblia mvua ni za miezi ya baridi, zikiisha ndipo maua yanatokea juu ya nchi, kwa hiyo mpenzi yule ana haki ya kufurahi. Moshi, mtu akitangaza mwezi wa nne kwamba mvua imekwisha, mkwe atashika kichwa. Nawaambia wasubiri Juni au wachague Wakorintho.

Na mbuni, mti wa kahawa, ambao hauna habari na kalenda yoyote, ukishakaa na ukame kisha ukapigwa na mvua ya kwanza nzuri, siku kumi hivi baadaye unafungua maua. Meupe, mengi, yamekaa kwenye tawi kwa mafungu, harufu yake inakukuta barabarani kabla hujaona shamba. Yanadumu siku chache. Mzee yule wa Leipzig nilimtumia picha ya maua hayo kwenye simu. Akajibu kwa neno moja, "Schnee?", yaani theluji. Nikamwambia ni kahawa yake ya asubuhi.

Vijana wa kipaimara ndio wanaouliza maswali magumu zaidi. Mwaka huu waliniuliza kama theluji itakuwepo wakiwa wakubwa. Niliamua kuwajibu bila kupaka sukari. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikuwa na ukubwa wa takriban kilomita za mraba 12. Mwaka 2011 ilikuwa imeshuka chini ya 2. Timu ya Lonnie Thompson iliyoichimba mwaka 2000 ilikadiria kwamba ya chini kabisa ina umri wa zaidi ya miaka 11,000, na mwaka 2022 UNESCO walisema barafu za Afrika, hii ikiwemo, zinatarajiwa kutoweka kufikia 2050. Nyie mtakuwa na miaka arobaini. Theluji ya masika itaendelea kuanguka, nikawaambia, itakaa siku kadhaa juu ya mwamba mtupu na kuondoka. Ile ya zamani, iliyokuwepo kabla ya Ibrahimu, hiyo ndiyo inayokwenda.

Darasa likanyamaza. Binti mmoja akauliza kama ni hukumu ya Mungu. Nikamwambia hewa ya mlima ilianza kukauka tangu mwishoni mwa karne ya 19, na joto linaloongezeka sasa lina mikono ya watu ndani yake, ila si mikono ya watu wa Uru hasa, na ningeogopa sana kuliita hukumu jambo ambalo adhabu yake inamwangukia asiyehusika. Mvulana wa nyuma akauliza kama itabidi wabadilishe picha kwenye chupa za maji. Tukacheka wote, nami nikashukuru, kwa sababu sikuwa na la kuongeza.

Juzi mzee wa kanisa alinipitia ofisini. Hakuingia. Aliniita nje, akainama pembeni mwa ukuta, akachimba kwa kidole mpaka kifundo cha pili, akatoa udongo akaukamua kiganjani. Ukashikana, akaufungua, ukavunjika vipande viwili. "Siku mbili tu, Mchungaji," akasema. Mbegu Mbuyuni zinapanda bei kila asubuhi, trekta la tambarare limepatikana kwa siku moja, Alhamisi, na Alhamisi ndiyo ibada ya Kwaresima. Hatukubishana. Ibada tumeihamishia Jumatano saa kumi na moja jioni. Watakaokuja moja kwa moja kutoka shambani wanaombwa wapitie mlango wa pembeni, kwani zulia jipya bado tunadaiwa nusu.